Kabla ya kununua bongo, ujue ubao

Minada ya korosho inapofunguliwa kule kusini, kwa kawaida mwezi Oktoba, mambo hufuatana kwa mpangilio ambao kila mtu wa Masasi na Newala anaujua. Mzigo unapelekwa chama cha msingi, unaingizwa ghalani, mnada unafanyika, kisha simu inalia: fedha zimeingia benki. Ndipo bati zinaponunuliwa, ada zinapolipwa, na pikipiki mpya zinapoanza kutimua vumbi. Miaka ya karibuni limeongezeka ombi jingine ambalo wazee wengi hawakulizoea. Kijana anamsogelea baba yake jioni, anamwamkia vizuri kuliko siku zote, kisha anasema anataka fedha kidogo za kuiongezea nguvu kompyuta yake ya gemu.

Nililizungumzia jambo hili redioni juma lililopita, na kwa kuwa wengi waliomba maelezo kwa maandishi, nayarudia hapa kwa urefu zaidi.

Chanzo chake ni ujumbe wa msikilizaji mmoja wa Newala. Ana kibanda cha gemu, wateja wake hulipa kwa mechi. Kompyuta yake ni ya mitumba, Dell OptiPlex 9020, mojawapo ya zile zilizofanya kazi maofisini ng'ambo kisha zikaletwa kwetu kwa makontena. Ndani ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne. Mpira anaouchezesha unakwamakwama: mshambuliaji anapiga, picha inaganda, ikirudi kipa ameshadaka. Wateja wamechoka na wameanza kuhamia kwa jirani mwenye PlayStation. Baba yake amempa shilingi 600,000 za korosho. Muuzaji mmoja wa Kariakoo, waliyezungumza kwa simu tu, amemwambia atume fedha apelekewe prosesa ya AMD Ryzen 5 5600. "Hiyo ni moto wa kuotea mbali, dogo. Itaingia tu."

Haitaingia. Prosesa yenyewe ni nzuri, sina ugomvi nayo hata kidogo. Lakini kuiweka ndani ya ile Dell ni sawa na kutaka kufunga injini ya Scania kwenye Bajaji. Hata hivyo ujumbe ule ulinifanya nikae nifikiri, kwa sababu mtu wa Dar es Salaam akinunua kifaa kisichofaa anapanda daladala, anarudi dukani, anagombana na muuzaji na pengine anabadilishiwa. Mtu wa Newala yuko mbali na Kariakoo kwa safari ya basi ya kutwa nzima. Akikirudisha kifaa, ataambiwa amekiharibu mwenyewe njiani. Na fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka. Ukiitupa mwezi Novemba, utasubiri mikorosho ichanue tena.

Tuanze na jinsi vitu vyenyewe vilivyo. Prosesa ndiyo bongo la kompyuta. Katika gemu ya mpira ndiyo inayopiga hesabu za wachezaji wote 22, mpira unaelekea wapi, nani kachezewa rafu. Kadi ya picha kazi yake ni kuchora: inachukua hesabu zile na kuzigeuza nyasi, jezi na mashabiki unaowaona kwenye skrini. Ubao mama, ambao mafundi wetu huuita madabodi, ndio unaobeba vyote na kuviunganisha. Juu yake kuna kitako cha kukalishia prosesa, kinachoitwa soketi, na kuna matundu ya kuchomekea ramu na kadi ya picha.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wananunua prosesa kwa jina, kama mtu anayenunua shati kwa rangi bila kutazama saizi. Ubao ndio wenye saizi. Ubao ndio unaosema prosesa gani itakaa, ramu ya aina gani itachomekwa, na kama mwakani utaweza kuongeza kitu au utalazimika kutupa vyote na kuanza upya. Mchongaji wa Kimakonde hutazama gogo la mpingo kwanza, alizungushe, aone linaruhusu nini, ndipo aamue atachonga nini. Mnunuzi wa prosesa afanye vivyo hivyo na ubao wake.

Kampuni ya Intel imewasumbua sana watu kwa soketi. Mwaka 2011 ilileta soketi iitwayo 1155, mwaka 2013 ikaja 1150, mwaka 2015 ikaja 1151, mwaka 2020 ikaja 1200, mwaka 2021 ikaja 1700, na mwaka 2024 ikaja 1851. Namba hizo ni idadi ya pini, na prosesa ya soketi moja haikai kwenye nyingine. Ile Dell ya msikilizaji wangu ni ya 1150. Mbaya zaidi ni 1151, kwa maana ziko za aina mbili. Vizazi vya sita na saba vinakaa kwenye mbao za mwanzo, na vya nane na tisa vinahitaji mbao zilizoanza kutoka mwaka 2017, ingawa namba ya soketi ni ileile na prosesa inatumbukia kitakoni bila taabu. Unaifunga, unaweka feni, unawasha, kimya. Hapo muuzaji anakwambia prosesa ilikuwa nzima ilipotoka kwake, na kweli ilikuwa nzima.

Wenzao wa AMD walikwenda kwa namna nyingine. Prosesa za Ryzen zilipotoka Machi 2017 zilikuja na soketi ya AM4, na soketi hiyohiyo ikaendelea kupokea vizazi vilivyofuata hadi Ryzen za mfululizo wa 5000. Hata mwaka 2024 kampuni ilikuwa bado inatoa prosesa mpya za AM4, wakati mrithi wake, AM5, alikwishatoka tangu Septemba 2022. Kwa mtu wa kipato kidogo hilo ni jambo kubwa kuliko maneno yote ya kwenye maboksi. Maana yake unaweza kununua ubao leo na prosesa ya hali ya chini, msimu wa korosho ujao ukaitoa prosesa peke yake ukaweka yenye nguvu, bila kugusa kitu kingine chochote.

Lakini nisiwakimbize dukani. Kabla ya kutoa hata shilingi, yako majaribio yasiyogharimu kitu.

La kwanza, fungua kasha. Vumbi la uwandani halina simile. Nimeona kompyuta Masasi ambayo mbavu za kipoza joto chake zilikuwa zimezibwa kama kichungio cha hewa cha lori la korosho. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na mchezaji anaona mpira unakwama. Safisha kwa brashi laini, ondoa ile dawa nyeupe iliyokauka kati ya prosesa na kipoza joto, paka mpya. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi.

La pili, hesabu ramu. Mashine nyingi za ofisini zinakuja na kipande kimoja tu. Prosesa hizi zimetengenezwa kusoma vipande viwili kwa mpigo, na ukiweka viwili vinavyolingana badala ya kimoja, hasa pale kompyuta inapotumia picha za ndani ya prosesa yenyewe, tofauti utaiona kwa macho.

La tatu ndilo litakalokwambia fedha iende wapi. Washa gemu, ingia kwenye mipangilio, shusha ubora wa picha hadi chini kabisa, punguza na ukubwa wa picha. Kama mpira sasa unateleza vizuri, tatizo lilikuwa uchoraji, yaani kadi ya picha. Kama unakwama vilevile, basi bongo ndilo lililoelemewa. Watu wa Newala hawahitaji maelezo marefu kuhusu hili. Maji yao husukumwa kutoka visima vya Mitema kule chini, yakapanda hadi juu ya uwanda. Hata ukifunga pampu kubwa namna gani, bomba likiwa jembamba ndoo itajaa polepole. Kuweka kadi ya picha ya bei mbaya juu ya prosesa iliyochoka ni kuongeza pampu bila kubadili bomba.

Na skrini nayo itazamwe. Televisheni na skrini nyingi zilizoko kwenye vibanda vyetu zinaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kompyuta inayotoa picha 140 kwa sekunde itakuwa inajichosha bure, kwa kuwa skrini haiwezi kuzionyesha zote. Lengo la kibanda cha gemu ni picha 60 zisizotetereka, basi.

Tumrudie sasa kijana na shilingi 600,000 zake. Njia ya kwanza aliyonayo ni kubaki na ubao wake uleule na kutafuta prosesa kubwa kuliko zote inayokubalika hapo. Kwa OptiPlex 9020 hiyo ni Core i7-4790. Ina viini vinne kama i5 yake, ila kila kiini kinaweza kushika kazi mbili kwa pamoja, hivyo ni mistari minane ya kazi badala ya minne. Inakula umeme kiasi kilekile cha wati 84, kwa hiyo feni ya zamani inatosha, na ramu yake ya DDR3 haibadiliki. Inapatikana kwenye mitumba tu, kwani haitengenezwi tena. Akiongeza na kadi ya picha ndogo isiyozidi wati 75, mfano GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 au GTX 1650 ya mwaka 2019 katika matoleo yake yasiyo na plagi ya umeme, atacheza gemu nyingi za miaka iliyopita bila aibu. Nasisitiza zile wati 75, kwa sababu ndizo tundu la ubao linazoweza kutoa lenyewe. Kadi kubwa zaidi inataka waya wake kutoka pawasaplai, na pawasaplai ya Dell hiyo haina waya huo.

Ubaya wa njia hii ni kwamba inaishia ukutani. FIFA 23, iliyotoka mwaka 2022, iliandikwa kiwango cha chini cha Core i5-6600K au Ryzen 5 1600, yaani vitu vilivyozaliwa baada ya kizazi cha nne. Tena Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha rasmi ya Windows 11 inaanzia kizazi cha nane cha Intel na Ryzen za mfululizo wa 2000. Ziko hila za kuilazimisha kwenye mashine kuukuu, mafundi wanazijua. Lakini baadhi ya gemu mpya za kushindana mtandaoni, kama Battlefield 6 ya mwaka 2025, hukagua zenyewe kama kompyuta ina ulinzi wa namna hiyo ya kisasa, nazo hazihongeki.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda kwa watu wa Masasi na Newala, ingawa wauzaji wa vipuri hawaipendi. Uza kompyuta nzima, nunua nyingine nzima ya mitumba ya kizazi cha nane au zaidi. Dell OptiPlex 7060 na HP EliteDesk 800 G4 ni za mwaka 2018. Ndani yake mara nyingi utakuta Core i5-8500 yenye viini sita, Windows 11 inakubali, na ubao unapokea hadi Core i7-8700 siku ukipata uwezo. Prosesa, ubao, ramu na pawasaplai vimekwishazoeana miaka kadhaa, hakuna cha kubahatisha. Chagua kasha kubwa la kusimama. Yale makasha membamba yanapendeza mezani, lakini kadi ya kawaida ya picha haiingii, utatafuta kadi fupi ambayo ni adimu na ghali.

Hapa niseme jambo moja la hatari kuhusu majina, maana Dell wamefanya mambo ya ajabu. Kuna OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, yenye prosesa za kizazi cha tatu. Kisha mwaka 2023 wakaitoa OptiPlex 7010 nyingine, yenye prosesa za kizazi cha 13. Jina moja, namba moja, na katikati miaka 11. Na 7020 wameifanya hivyohivyo: ya zamani ni ya kizazi cha nne, na mpya ilitoka mwaka 2024. Akikutajia mtu namba hiyo kwenye simu, mwombe picha ya skrini inayoonyesha jina kamili la prosesa. Akikataa, umeokoa fedha yako.

Jina la prosesa lenyewe lina lugha yake. "Kaka, hii ni i7," utaambiwa, kana kwamba mazungumzo yameisha. Core i7-2600 ni ya mwaka 2011. Core i3-12100 ni ya mwaka 2022. Zote zina viini vinne na mistari minane ya kazi, lakini i3 hiyo mpya itaiacha i7 ile mbali sana, kwa kuwa kila kiini chake kinafanya kazi kubwa zaidi kwa muda uleule. Tazama tarakimu zinazofuata kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 8500 cha nane, 12100 cha 12. Herufi ya mwisho nayo isomwe. Kwa Intel, F maana yake prosesa haina picha za ndani. Ukiinunua huna kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi, na utadhani umeuziwa mbovu. T ni ya kubana umeme, na mwendo wake ni wa taratibu. K ni kwa wanaotaka kuikimbiza kupita kiwango chake, jambo ambalo kibanda cha gemu hakina haja nalo. Kwa Ryzen za AM4 ni kinyume: yenye G ndiyo yenye picha za ndani, isiyo na G haina.

Njia ya tatu ni kujenga upya: ubao, prosesa, ramu, pawasaplai na kasha. Nasema vyote vitano, kwa sababu ubao wa Dell au HP una umbo lake na plagi zake za umeme ambazo haziendani na vifaa vya kawaida. Ile 9020 inatumia plagi kuu ya pini nane, wakati mbao za kawaida zinatumia pini 24. Kijana anayesema "nabadilisha ubao tu, kasha na pawasaplai ninavyo" hajakaa chini akahesabu. Shilingi 600,000 kwa njia hii ni ngumu, nisidanganye mtu, labda kwa vifaa vya mitumba na kwa mtu mwenye subira. Bei sizitaji hapa kwa sababu zitakuwa zimebadilika kabla gazeti hili halijafungiwa maandazi. Ramu hasa: kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei yake ilipanda vibaya duniani kote, viwanda vilipogeukia kuhudumia mitambo ya akili mnemba. Ramu ya DDR5, ambayo ndiyo pekee inayokubaliwa na AM5, iliumia zaidi. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu wa bajeti ndogo aikimbilie AM5, hata kama ndiyo yenye maisha marefu mbele.

Kwa anayejenga, basi, soketi ya AM4 yenye ramu ya DDR4 ndiyo kimbilio. Ubao wa B450 wa mwaka 2018, au B550 na A520 za mwaka 2020. Asiye na kadi ya picha aanze na Ryzen 5 5600G, acheze gemu nyepesi kwa picha zake za ndani, kadi ije msimu mwingine. Mwenye kadi achukue 5600 ya kawaida: viini sita, mistari 12, wati 65. Iko na 5500 inayofanana nayo kwa jina lakini ina nusu tu ya ile akiba ya ndani ambayo gemu huipenda sana, kwa hiyo tofauti ya bei ikiwa ndogo iache. Kwa upande wa Intel, i3-12100F au i5-12400F kwenye ubao wa H610 au B660 ni vitu vya kuaminika. Ila angalia ubao umeandikwa DDR4 au DDR5, kwani ubao wa aina moja hauchomeki ramu ya aina nyingine. Mitumba ya vizazi vya 13 na 14 ningeiogopa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa za vizazi hivyo, hasa zile zenye nguvu, zilikuwa zinadhurika taratibu kwa kupewa volti kubwa kupita kiasi. Ikatoa marekebisho ya programu mwezi Agosti, ikaongeza na miaka miwili ya dhamana. Marekebisho hayaponyi iliyokwishaumia, na dhamana ya Intel haitakufuata stendi ya Masasi ukiwa na prosesa isiyo na risiti.

Mtego wa AM4 ni bayosi. Hiyo ni programu ndogo inayokaa ndani ya ubao na kuutambulisha kwa prosesa. Ubao wa B450 uliotoka kiwandani mwaka 2018 haujapata kuisikia Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022. Utaichomeka, itakaa sawasawa, na hakuna kitakachowaka mpaka bayosi ibadilishwe. Na kuibadilisha kunataka uwe na prosesa ya zamani ya kuwashia, isipokuwa kwa mbao chache zenye kitufe maalumu cha kazi hiyo. AMD wenyewe mwanzoni mwa Mei 2020 walisema mbao za B450 hazitapata ruhusa ya Ryzen 5000 kabisa, wateja wakapiga kelele, wakageuza kauli mwezi huohuo. Kelele za mnunuzi, kumbe, mara nyingine husikika.

Kwa hiyo mwambie muuzaji afanye kazi hiyo kwake, Dar es Salaam. Nina sababu. Bayosi ikiwa katikati ya kubadilishwa umeme ukakatika, ubao unaweza kufa palepale, na mafundi wenye kifaa cha kuufufua ni wa kutafuta kwa tochi. Umeme wa Mtwara na Lindi kwa miaka mingi ulitegemea mitambo ya gesi ya Mtwara, inayolishwa na visima vya Mnazi Bay, peke yake bila kushikana na Gridi ya Taifa, na kukatika kwake watu wa huko wanakujua. Asiyekuwa na UPS asiguse bayosi.

Nikiwa kwenye umeme, pawasaplai ndiyo sehemu ambayo vijana hubana fedha, nami naona ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kubana. Pawasaplai ya bei ya kutupa ikilipuka huondoka na ubao na prosesa. Wanaonunua mashine za zamani zilizotoka Marekani watazame nyuma ya kasha: baadhi zina swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, utasikia mlio mmoja, na utanusa harufu yake kutwa. Ubao wa bei nafuu nao, kama H610 au A520 usio na vipande vya chuma vya kupoza joto kando ya soketi, unatosha kwa prosesa za wati 65. Usiupe prosesa ya wati 105, hasa kwa joto la Masasi mwezi Novemba. Kule Newala juu, karibu na Shimo la Mungu, angalau kuna upepo.

Sasa namna ya kununua. Usitume fedha kwa mtu uliyezungumza naye kwa simu tu. Kama huna ndugu Dar es Salaam wa kusimama dukani, heri uongee na fundi wa Masasi au Mtwara anayeagiza mara kwa mara, umlipe ujira wake, na makosa yakitokea yawe mikononi mwake. Atakayesimama dukani asikubali kuonyeshwa boksi. Vifaa viunganishwe palepale juu ya kaunta, viwashwe, aingie kwenye ukurasa wa bayosi asome jina la prosesa na kiasi cha ramu kwa macho yake, apige picha. Risiti iandikwe namba kamili ya kila kifaa, siyo "kompyuta moja".

Na kwa safari: prosesa za AM4 zina pini zake chini ya prosesa yenyewe, zaidi ya elfu moja, nyembamba kama nywele. Za Intel pini ziko kwenye ubao, ndani ya soketi, na zinalindwa na kifuniko cha plastiki ambacho wauzaji wengine hukitupa. Kidai. Prosesa isafiri ndani ya kijaluba chake kigumu, ubao ndani ya mfuko wake wa kuzuia shoti na boksi lake, na vyote viwili visiende buti la basi chini ya magunia na majiko ya watu. Abiria avipakate mapajani mpaka Masasi, na huko Masasi, kabla ya kupanda gari la Newala, avifungue mbele ya fundi na kuvitazama kwa tochi.